Fundi Miwani na Jicho la Kuagiza

Nilipokuwa mdogo palikuwa na kinu cha mafuta ya simsim nyuma ya nyumba yetu hapa Mji Mkongwe, na aliyekuwa akikizungusha ni ngamia. Wajukuu zangu nikiwaambia hivi wananitazama kama nimepatwa na homa. Ngamia, ndani ya chumba! Naam, ndani ya chumba, na chumba chenyewe hakikuwa kikubwa. Alizunguka kutwa, macho yamefunikwa kwa vikapu viwili vya ukindu, mfano wa vifumbu tunavyokamulia tui. Nilimuuliza mwenye kinu kwa nini anamfunika. Akaniambia ngamia akijiona yuko palepale anapata kizunguzungu, lakini akifunikwa anajidhania yuko safarini.

Siku moja mwenye kinu alikwenda kuswali. Mimi nikapenya, nikapanda juu ya gunia, nikamvua kikapu kimoja. Sikutaka ubaya, nilimuonea huruma tu. Yule mnyama akasimama. Akautazama ukuta. Hakukoroma wala hakupiga mateke, aliutazama ule ukuta uliojaa mafuta kama mtu anayesomewa barua, na hakutia hatua nyingine mpaka mwenyewe aliporudi na kunipiga makofi ambayo siku hizi yangenifikisha kituo cha polisi, yaani yangemfikisha yeye.

Basi ngamia aliondoka, sijui kwa kifo au kwa kuuzwa. Chumba kikawa ghala la magunia, halafu kikawa cha popo. Miaka ikapita. Mimi nilitoka chuo cha Kurani na juzuu zangu chache, skuli nikaishia darasa la nne, nikashika kazi ya kukereza matendegu ya vitanda, na karakana yangu ikawa inatazamana na mlango wa kile chumba. Siku moja nikasikia kufuli linagongwa. Mtu mrefu, mwembamba, ana kisanduku cha bati kwapani, anafungua mlango wa popo. Akatoa meza, akaiweka kizingitini penye mwanga, akakaa. Akafuta vioo mpaka adhuhuri. Adhuhuri akaniita:

"Seremala! Kelele zako zinanitetemesha vioo."

"Mimi nilikuwepo kabla yako."

"Nnajua. Ndiyo maana nnakwambia, simwambii mwengine."

Huyo ndiye Fundi Miwani. Jina analo na ukoo anao, lakini mimi nilimjua kwa kazi yake, na kwa kazi yake ndivyo nitakavyomweleza. Nimekaa naye mlango kwa mlango zaidi ya miaka thelathini, na mpaka leo nikimfikiria najihisi kama mtu aliyekaa karibu na kitu kikubwa asijue ukubwa wake.

Alikuwa hapimi macho ya watu kwa zile herufi za ukutani. Alikuwa na sinia. Mwanamke akija na kusema haoni vizuri, Fundi anamwekea sinia ya mchele mapajani: "Chambua." Yule mama anaanza kutoa chuya na vijiwe, na Fundi anamtazama, hamsemeshi. Anaangalia sinia ameiweka umbali gani, shingo imeinama vipi, chuya ngapi zimempita. Kisha anafungua mtoto wa meza, anatoa miwani, anamvisha. "Chambua tena." Anabadilisha mpaka mama mwenyewe acheke. Wanaume aliwapa uzi na sindano. Mimi mwenyewe alinipa kipande cha mti, akaniambia nimwonyeshe nyuzi zake zinakwenda wapi, na nilipomwonyesha akasema, "Hizo umezijua kwa kidole, hukuziona. Kaa chini."

Waliokuja kutoka Jambiani, wale wanawake wa kilimo cha mwani, aliwawekea kamba na matawi ya mwani mkavu, wafunge kama wafungavyo baharini. Hilo alifundishwa na mkewe, Bi Zuwena, ambaye ni wa huko na amelima mwani mpaka magoti yakamshinda. Nitamfikia Bi Zuwena.

Huo mtoto wa meza nao una habari yake. Miwani iliyokuwemo ilikuwa ya marehemu. Mtu akifa, watu wake wanamletea Fundi miwani yake, maana nani ataivaa? Fundi anaipokea kwa mikono miwili, anaisafisha kwa maji ya uvuguvugu, anaiandika namba. Mnyonge akija, anapewa. Lakini alikuwa na mdomo! Kuna bwana mmoja alikuja na miwani ya jua, fremu imepinda, anataka inyooshwe haraka ana harusi. Fundi akaigeuza, akamrudishia. "Hii haina mgonjwa." Yule bwana akahamaki, "Mzee, mimi nimekuja kwa fundi, sikuja kwa mzaha!" Fundi akamwambia, "Na mimi nimekaa hapa kwa macho. Uso mpelekee kinyozi." Nilicheka mpaka tendegu likanikwaruza mkono.

Mtu huyo huyo mkali akipata kioo kilichopasuka cha mtoto wa skuli anakaa nacho siku mbili. Mtu huyo huyo aliyepima kila kitu kwa kipimio cha chuma, hakuwahi kumiliki saa. Alikuwa akiniuliza mimi: "Seremala, alasiri bado?" Na alikuwa mtu asiyetaka kuguswa. Ukimpa mkono anakupa vidole viwili. Lakini Bi Zuwena alipoanza kuumwa magoti, alikuwa akimbeba mgongoni kupanda ngazi za fleti yao Michenzani, ghorofa ya juu kabisa, watu wanawatazama, na yeye anawajibu watu salamu kama anayebeba mkoba.

Sasa nimefika kwa Bi Zuwena. Yeye ndiye aliyeanzisha mambo ya nyota, ingawa sifa kachukua mumewe. Wanawake wa mwani wanafuata maji, si saa. Maji yakitoka alfajiri, wanatoka alfajiri. Akiwa kule ufukweni akisubiri maji yaondoke, aliona nyota moja isiyomemeteka. Nyingine zote zinachezacheza, hiyo imetulia. Aliporudi mjini akamuuliza mumewe: "Wewe si fundi wa vioo? Ile nyota iliyonyamaza ni kitu gani?" Fundi hakujua. Akaenda kuuliza kwa maalim mmoja anayejua elimu ya falaki, akaambiwa hiyo huenda ni Zuhali, na Zuhali ina duara limeizunguka, lakini kwa macho matupu hulioni. Akarudi, akamwambia mkewe, "Ina kitu. Ntakuonyesha." Basi. Neno hilo alilitoa wakati binti yao yuko tumboni. Binti akazaliwa, akasoma, akaolewa Maskati, na Fundi bado hajamwonyesha mtu nyota.

Ni huyo binti aliyeleta darubini. Mpya, ndani ya boksi, imekuja na jamaa wa meli. Fundi akaifungua mezani pake mchana, nami nikaacha keezo, mashine yangu ya kukerezea, nikaenda kutazama. Bomba jeupe, miguu mitatu, na vikopo vitatu vidogo vya kutia nyuma, pale unapoweka jicho. Yeye akaviita macho. "Darubini ni bomba tu, Seremala. Inayoona ni haya." Kila jicho lina namba ubavuni: ishirini na tano, kumi, na nne.

"Lipi lenye nguvu?" nikauliza.

"Hilo la nne."

"Nne inashinda ishirini na tano?"

"Naam. Namba ikishuka, kitu kinakua."

"Hesabu ya wapi hiyo?"

"Ya vioo. Si ya matendegu."

Tukapanda juu ya paa la Michenzani magharibi ile, kati ya matangi ya maji na kamba za nguo. Majirani wakafuata. Wote wanataka la nne! Mama Neema wa ghorofa ya chini yake, mwenyeji wa bara, mcheshi, alikuwa wa kwanza kwenye foleni. "Fundi, nitilie hilo kali, nione kama huko mwezini kuna vyumba vya kupanga." Fundi akamtilia. Mama Neema akatazama, akatazama. "Mbona uji?" Mwengine akatazama, uji. Fundi akacheka peke yake. "Ukiukuza uji unapata nini? Uji mkubwa." Akatia la ishirini na tano, na mwezi ukaja mzima, na mashimo yake, na Mama Neema akanyamaza, jambo ambalo jengo zima halikuwahi kuliona.

Lakini Fundi mwenyewe alipoinama, alivua miwani, akasogeza uso, akabadilisha, akasogeza tena. Alikaa muda mrefu. Nikadhani anastarehe. Kumbe hapati kitu. Kesho yake akaniambia, bila kuacha kazi iliyo mkononi, kwamba ana presha ya macho. La kushoto lilishakufa zamani, na sisi wote hatukujua. La kulia linafunga pembeni taratibu, kama mwenye duka anayevuta milango.

"Mpaka lini?"

"Daktari hakusema. Naye anapima, habashiri."

Akanieleza yale macho yaliyokuja na boksi yana kasoro gani kwake. Yanataka ulibandike jicho lako mpaka kope zipanguse kioo, na tundu lake ni dogo kama la kitufe. Mtu mwenye jicho zima anafanya subira anaona. Yeye, bila miwani, katika tundu lile anakuta giza na nukta. Yako macho mengine, akasema, yenye kioo kipana, unasimama mbali kidogo na miwani yako usoni, na mwanga unakujia. Kwa jicho kama hilo angemwona Zuhali na duara lake, mwaka huu. Mwaka ujao hakuuzungumza.

Na Bi Zuwena? Kutoka fleti yao mpaka paani ni ngazi ya chuma iliyosimama wima, wala mgongoni hapandiki. Kwa hiyo Zuhali ilibidi ateremshwe, na njia ya kumteremsha ni picha. Tulijaribu kushika simu kwa mkono nyuma ya darubini. Nilipata picha tatu za giza na moja ya kidole changu.

Binti alikuwa anakuja likizo. Akapiga simu, mizigo imeshajaa, nafasi imebaki ya kitu kimoja kidogo, baba achague. Akamtumia picha za vitu vitatu kutoka duka la huko. Jicho lenye kioo kipana. Pete ya chuma ya kufungia kamera kubwa. Na kishikio cha simu, kidude chenye makucha, kinaibana simu na kulibana jicho la darubini, vitu viwili visicheze. Pete ya kamera Fundi aliitupa palepale. "Kamera nzito, bomba lenyewe jepesi. Itainama kama punda aliyepakiwa upande mmoja." Vikabaki viwili. Jicho ni lake. Kishikio ni cha mkewe. Na binti anataka jibu Alhamisi baada ya alasiri, maana Ijumaa anapanda ndege.

Hapa ndipo nilipojitia mimi. Jumatatu nilimwambia, kwa majivuno yangu, "Agiza jicho. Kishikio n'takukerezea mimi kwa mti wa mfenesi. Tundu huku, tundu huku, kuna nini?" Akanitazama. Akatoa kipimio chake cha chuma, akanipa vipimo, akaniambia mara mbili: kioo cha simu na kioo cha jicho lazima viwe katika mstari mmoja, visipishane hata kwa unene wa unywele.

Nilikereza cha kwanza. Tukakijaribu juu ya paa, simu imeshika barabara, na kiooni mwake pana weusi tu. Nikakereza cha pili. Upande mmoja wa simu ukaonyesha kipande cha mwanga kama ukucha, basi. Cha tatu nilikesha nacho, nikakipiga msasa mpaka kikang'ara. Weusi. Alhamisi, baada ya alasiri, Fundi akakichukua kile cha tatu, akakitia kidole chake ndani ya tundu, akakizungusha taratibu, macho ameyafumba.

"Umelibana tundu ndani."

"Sikulibana."

"Tia kidole."

Nikatia. Kweli. Tundu lilikuwa pana mdomoni na likibana kadiri linavyoingia, kidogo sana, lakini linabana. Kwa sababu tendegu la kitanda ndivyo linavyoingia, likaze lenyewe ukiligonga nyundo. Mkono wangu umefanya hivyo miaka yote, hauniulizi tena. Nilivitazama vile viwili vya mwanzo. Navyo vivyo hivyo. Jicho la darubini likitiwa humo lilikaa upande, na simu ikalikosa.

"Kitanda kikipinda mtu atalala," akasema. "Nyota ikipinda haipo."

Hakusema kwa ubaya. Ingekuwa kwa ubaya ningepumua. Simu ikalia, akaiweka sauti ya nje kwa kuwa mikono yake ina gundi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Umeshachagua? Nipo dukani hapa."

Mimi namtolea ishara ya siku moja, siku moja tu nitengeneze cha nne. Akaifunika simu kwa kiganja. "Siku moja unayo wewe, Seremala. Ndege haina." Akaondoa kiganja. "Niletee kishikio cha simu."

"Na jicho, baba? Daktari si amesema..."

"Daktari anajua macho yangu. Mamako nnamjua mimi. Kishikio, mwanangu. Kile chenye skrubu tatu, si kile cha mpira, cha mpira kinalegea."

Akakata, akarudi kwenye fremu aliyokuwa akiitia gundi. Mimi nikavuka njia, nikaingia kwangu, nikakaa juu ya maranda. Nimevunja vitu vingi katika maisha yangu, lakini vile nilivivunja kwa kuviangusha, hiki kwa kukikereza.

Kishikio kikaja, na binti mwenyewe. Wiki ile mawingu yaliondoka, na baada ya kuswali Isha tukawa juu ya paa, mimi, Fundi, na Mama Neema aliyeshika tochi. Taa za mji zinawaka kila upande, nikasema hatutaona. Fundi akasema Zuhali haogopi taa. Akamtafuta kwa lile jicho la ishirini na tano, kwa kupapasa zaidi kuliko kuona, mimi nikimwambia kushoto, kulia. Akabadilisha akatia la kumi. "Tazama wewe kwanza, uniambie kama yupo katikati."

Nikainama.

Sijui niandike vipi. Nimeona moto wa Kizimbani ulipounguza mabanda ya karafuu nikiwa kijana, nimeona wanangu wakizaliwa, wawili nimewazika. Lakini sikuwahi kuona kitu kinachoning'inia bila kamba. Kidogo, cha rangi ya samli, na duara lake limekizunguka, limeinama upande kidogo kama kofia ya mtu mwenye raha. Nilitoa jicho, nikaangalia mbele ya bomba kama kuna mtu kaibandika picha. Mama Neema akaniambia, "Baba, ukimaliza kulia tupishe." Sikujua kuwa nalia.

Fundi akainama baada yangu. Alikaa. Nikamuuliza, "Umemuona?" Akasema, "Kuna nuru." Akafunga simu kwenye kishikio, skrubu moja moja, na Zuhali akatokea kiooni mwa simu, anatetemeka, lakini mzima na duara lake. Akapiga picha, tena nyingi. Akaifungua simu, akaitia mfuko wa kanzu, akashuka ile ngazi ya chuma kinyumenyume.

Mlango wao ulikuwa wazi, sisi tukabaki juu ya ngazi tukisikiliza kama wezi. Tulisikia kitanda kikilia, mtu anakaa vizuri. Halafu Bi Zuwena, kwa sauti yake ile nzito ya Jambiani:

"Kumbe imevaa bangili!"

"Imevaa."

"Miaka yote ile mimi nnaitazama, nayo imevaa, hainiambii."

Wakacheka, wote wawili, wakacheka kama watu wasio na binti mkubwa chumba cha pili.

Baada ya hapo jicho lake lilikwenda haraka. Meza haikuwekwa tena kizingitini. Ule mtoto wa meza wenye miwani ya marehemu aliupeleka hospitali, darubini akamwachia Mama Neema, ambaye aliwapanga watu foleni paani na kuwafokea wasiguse bomba. Mimi nilimkwepa Fundi. Nasema kweli. Nikimuona anakuja kwa kupapasa ukuta, nilikuwa nawasha mashine ili nisionekane nina nafasi.

Asubuhi moja alikuja moja kwa moja mpaka kwangu. "Sabalkheri, Seremala. Zima hiyo." Nikazima. Akatafuta kiti kwa mguu, akakaa.

"Nna jambo moja," akasema. "Kwenye ile picha ya simu niliona kitu kama yai lenye masikio. Jicho langu halikunipa zaidi. Wewe ulitazama kwenye bomba. Nambie."

"Nilipaswa kukutengenezea..."

"Sikuja kwa hilo. Nambie ulichoona."

"Kitu kizuri, Fundi. Kizuri mno."

"Kizuri si kipimo. Nambie kama unanipa vipimo vya tendegu."

Basi nikaanza. Nikamwambia rangi ya samli, si nyeupe. Nikamwambia duara lina upana gani, nikamshika mkono, naye hakuurudisha, nikamchorea kiganjani kwa ukucha wangu: tufe hapa, duara linatokea hapa, linapita mbele, linakwenda nyuma, linarudi. Akaniuliza kama duara ni jembamba kote. Nikamwambia ubavuni linaonekana pana, mbele na nyuma jembamba, kwa vile limeinama. Akaitikia kwa kichwa.

"Na baina yake na tufe?"

Nikafumba macho nikakumbuka. "Weusi. Pande mbili, kushoto na kulia, nafasi nyeusi."

"Weusi kama wa nje?"

"Ule ule wa nje."

"Kwa hiyo duara haligusi."

"Haligusi."

"Popote?"

"Popote, Fundi. Limejishikilia lenyewe."

Akafunga kiganja. Alikaa hivyo, na uso wake ukafanya kitu ambacho sijauona uso wa mtu ukikifanya, kama taa iliyopandishwa utambi. "Limejishikilia lenyewe," akasema polepole. Kisha akainuka, akanipa mkono, mkono mzima, akasema wamepata gari ya mizigo ya kwenda shamba, kwao Bi Zuwena. Nikataka kumfikisha mpaka barabarani. Akakataa, njia hii anaijua. Akaenda, mkono wa kushoto ukutani, wa kulia bado umefumbwa, akapinda penye duka la kanga. Nami nikawasha mashine, nikidhani amekwenda Jambiani kutembea na kesho kutwa atapita.

Hakupita, wala hajarudi tena.